Nondo ya Mwisho Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kufunga mlango, alimwonyesha mama yake vitu vitatu. Chai hii hapa kwenye chupa. Mkate huu hapa, nimeufunika na sahani. Na shati hili hapa, mama, la mteja, analitaka jioni. Mama alilipokea shati, akalitandaza mapajani, akaanza kulinyoosha kwa kiganja kuanzia kola kushuka chini. Hapo ndipo yeye alipotoka kinyumenyume, akavuta mlango wa chuma, akapitisha kufuli na kulibana. Kufuli lilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti. Kwa miezi saba aliusikia mlio huo kila siku na hakuuzoea hata siku moja.

Mtaani walimwita Komeo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na banda lake lilikuwa kando ya barabara, paa la bati na kuta mbili tu, kwa sababu cheche hazitaki chumba. Hapo alitengeneza mageti, milango, na zaidi ya vyote nondo za madirisha. Mafundi wengine walifunga nondo kwa skrubu nne kwenye fremu ya mbao. Mwizi akija na bisibisi anamaliza kazi kabla mbwa hajaamka. Komeo hakutumia skrubu. Alitoboa ukuta wenyewe, akaingiza ncha za chuma ndani ya tofali, na kabla ya kuziba kwa saruji alizipinda kule ndani kama mkia wa nge. Dirisha la namna hiyo, ukitaka kuling'oa, sharti uondoke na ukuta.

"Wakija kwako," aliwaambia wateja, "watabeba nyumba nzima au watarudi mikono mitupu."

Kati ya nondo na nondo aliacha upana wa kiganja kimoja, hakuzidisha hata mteja akiomba. Panapopita kichwa, alisema, mwili unafuata, na mwili ukiingia, godoro linatoka.

Maneno hayo aliyalipia. Miaka minne nyuma, siku aliyokwenda mazishini na familia yake, nyumba yao ilikuwa bado na madirisha ya mbao. Fundi wa nondo anakaa kwenye nyumba isiyo na nondo, watu walimtania hivyo, naye akacheka nao. Waliporudi walikuta vyumba vyeupe. Televisheni, magodoro, mashine yake ya akiba, hata viatu vya shule vya binti yao. Wezi walibeba mpaka sufuria iliyokuwa jikoni na chakula chake, wakaacha kifuniko. Mama yake, ambaye siku hizo akili yake ilikuwa kali kama wembe, alikiokota kifuniko akakitazama pande zote mbili.

"Wameondoka na adhabu yao," alisema. "Chakula chenyewe nilisahau chumvi."

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Komeo hakucheka, alikuwa ameinama anatazama kitasa. Hakikuvunjwa. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo, na funguo zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikuwa kwenye mkoba wa mkewe. Wa pili uliachwa kwa jirani, mshonaji aliyeitwa Mama Cherehani, ili mvua ikinyesha awaingizie nguo zilizoanikwa. Hakumshtaki. Hakumwuliza. Alibadilisha kitasa, akaongeza mlango wa chuma juu ya ule wa mbao, na tangu siku hiyo ufunguo wake haukuvuka ua. Mama Cherehani hakuambiwa neno lolote, na kwa hiyo alielewa kila kitu.

Ndipo alipoizungushia nyumba yake nondo. Kwa kuwa ilikuwa nyumba yake mwenyewe, aliifanya jioni jioni, kwa vyuma vilivyobaki kwenye kazi za watu. Jikoni alitia mikia ya nge. Sebuleni mikia ya nge. Chumba cha mama, kilicho nyuma kwenye uchochoro, alikiacha cha mwisho, na kwenye dirisha hilo, ikiwa imebaki nondo moja, ile ya mwisho upande wa kushoto, vijiti vya kuchomelea vikamwishia. Saruji nayo ilikuwa imekwisha. Alikuwa na kipande cha kijiti kisichozidi kidole. Aliisimamisha nondo ndani ya fremu ya chuma, akaidonoa juu mara moja, chini mara moja, akaziba kwa udongo ule unaozibia magari yaliyobonyea, akapiga rangi nyeusi. Alijiambia kesho atarudi.

Mama yake aliigundua siku ya pili. Alikuwa akitundika henga zake dirishani, na kila henga ilipogusa nondo ililia ngo, ngo, ngo, mpaka ile ya mwisho ikalia tofauti, kama kikombe chenye ufa.

"Mwanangu, hii yako ya mwisho inakohoa," alimwambia.

"Nitarudi, mama."

"Mfinyanzi hulia gaeni," alisema mama, akaendelea na henga zake.

Hakurudi. Ilikuwa kazi mbovu pekee aliyopata kuifanya, na kila alipopita uchochoroni aligeuza uso, kama unavyopishana na mtu uliyemkosea.

Mama huyo mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pasi. Kwa miaka thelathini alipiga pasi nguo za watu barazani, kwanza kwa pasi ya mkaa, baadaye ya umeme. Alimsomesha mwanawe kwa mikunjo ya suruali. Alijua mwenye kazi mpya kwa kola yake na mwenye ndoa mbaya kwa vifungo vyake. Wateja walimwogopa kidogo, maana mtu akija siku isiyo yake alirudishwa bila aibu.

Kisha vitu vikaanza kumtoka kimoja kimoja. Kwanza majina. Halafu siku. Halafu akaanza kutoka nyumbani na furushi la mashuka kichwani, anakwenda kuwapelekea wateja waliokwisha kufa. Mara ya kwanza alirudishwa na mtoto wa dukani. Mara ya pili walimtafuta mpaka jua likazama. Mara ya tatu dereva wa lori alimleta mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Dereva alisema alifunga breki akafumba macho, na alipoyafumbua alimkuta bibi amesimama mbele ya taa za lori anamwuliza kama nguo zake zimefika salama.

Komeo alijaribu yote aliyoweza kujaribu. Alimchukua bandani, lakini mama aliutazama ule mwanga wa kuchomelea kama mtoto anayetazama mwezi, na macho yakamwagika maji siku mbili. Mkewe aliacha kibarua akakaa naye mwezi mzima, mpaka nyumba ikakosa sabuni, akarudi kazini, safari hii jikoni kwenye shule moja. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Dada yake Komeo, aliyeolewa mji mwingine, alikuja akamchukua mama kwa mikono miwili, na baada ya siku tisa akamrudisha na begi lake. Kaka, alisema, nisamehe, nimeshindwa. Alilia stendi pale pale, basi likimsubiri.

Basi likabaki kufuli.

Mkewe alimwambia wazi kwamba hapendi. "Unamfungia mama kama mali ghalani," alisema usiku wa kwanza.

"Nionyeshe njia nyingine, niifuate hata sasa hivi."

Wote wawili walilala wametazama dari.

Mama Cherehani alikuja asubuhi ya tatu, sindano ikiwa bado katikati ya midomo. Alisema yeye anashinda nyumbani, na cherehani yake iko hatua kumi kutoka pale, basi aachiwe ufunguo, likitokea la kutokea awepo wa kufungua. Komeo alikuwa na haraka, na zaidi ya haraka alikuwa na lile jambo la miaka minne.

"Ufunguo wa tatu ni mlango wa pili," alimjibu.

Mama Cherehani aliitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye kola yake. "Haya, shemeji. Wewe kaa na ufunguo. Mimi nitakaa na mama yako."

Siku hiyo hiyo aliihamishia cherehani uchochoroni, chini ya dirisha la nyuma. Akawa anashona huku anapiga gumzo na Mama Pasi kupitia nondo. Mama Pasi alimkosoa mishono bila huruma. Jioni Komeo alipopita alisalimiwa kwa adabu, salamu ya mtu anayemsalimia mpangaji.

Siku yenyewe ilianza bila umeme. Ulikatika alfajiri, na Komeo alipoonyesha chai, mkate na shati, sebule ilikuwa na giza kidogo. Pasi ya mama alikuwa ameificha zamani juu ya kabati, ndani ya gunia, chini ya masanduku mawili. Alijua mama hakumbuki hata jina lake mwenyewe. Hakufikiria kwamba mkono uliofanya kazi moja miaka thelathini una kumbukumbu yake.

Mama alipanda kiti. Aliishusha pasi, akaichomeka kwenye soketi iliyo karibu na mlango, akatandaza shati juu ya kochi. Pasi haikupata moto. Aliijaribu kwa kidole kilicholowa mate, kama alivyofanya siku zote, akaona baridi. Akailaza juu ya shati, akaenda chumbani kwake kupumzika mpaka ipate moto. Haya yalijulikana baadaye, kutokana na kiti kilichokutwa kando ya kabati na kutokana na maneno aliyomwambia Mama Cherehani dirishani: umeme wa siku hizi, mwanangu, mvivu kama vijana wake.

Saa nne umeme ulirudi. Mtaa mzima ulipiga kelele ya furaha kama kawaida yake, redio zikaamka zote kwa pamoja. Bandani kwake Komeo naye alifurahi. Alikuwa na geti la mtu la kumaliza. Alivaa miwani, akawasha grenda, na katika kelele za grenda simu yake ikaita mara tatu mfukoni asiisikie.

Mara ya nne aliihisi ikitikisika pajani.

"Shemeji," alisema Mama Cherehani, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna iliyomtisha kuliko ukelele, "njoo na ufunguo. Nyumba inaungua na mama yuko ndani."

Alikimbia na miwani ikiwa bado usoni. Kutoka bandani mpaka nyumbani ni mwendo wa kumaliza sigara moja, aliwahi kusema hivyo kwa mzaha. Siku hiyo njia ilirefuka. Alimgonga mtu mwenye kikapu, akasikia vitu vikimwagika nyuma yake, hakugeuka. Alikuwa ameubana ufunguo kiganjani mpaka meno yake yakachora ngozi, na kichwani mwake kulikuwa na maneno mawili tu yaliyorudi kwa kila hatua. Nilimfungia. Nilimfungia.

Moshi mweusi wa sponji ulikuwa ukitoka kwenye matundu ya hewa juu ya mlango. Watu walikuwa wanapokezana ndoo. Mmoja alikuwa amekwisha kuzima umeme kwenye mita, mwingine alikuwa amewapigia zimamoto, wakasema wako njiani. Kufuli lilikuwa la moto. Alilifungua kwa kulishika na kifuniko cha ndoo, akauvuta mlango wa chuma, akausukuma wa mbao kwa bega, na hapo akafanya kosa ambalo kila mtu aliyekuwepo angelifanya: aliufungua wote. Hewa iliingia. Moto, uliokuwa umejikunja kwenye kochi ukila polepole, ulisimama mpaka darini.

Aliingia, akarudi. Akajifunika koti lililolowa, akaingia tena, akafika pale kochi lilipokuwa, hakuona mkono wake mwenyewe. Mwashi mmoja wa jirani alimkamata mkanda akamtoa nje kwa nguvu, nyusi zake zimeungua, anakohoa kitu cheusi.

"Huko huwezi kupita," mwashi alimwambia. "Zunguka."

Alizunguka. Uchochoroni Mama Cherehani alikuwa amepanda juu ya meza ya cherehani yake, uso ameubana kwenye nondo. Alikuwa amemwambia Mama Pasi afunge mlango wa chumba, na kwa kuwa walikuwa na mazoea, Mama Pasi alimtii. Alikuwa amempa shuka lililolowa apachike chini ya mlango. Sasa alikuwa anamimina maji kwa kikombe kupitia nondo na kumwongelesha bila kupumua, habari za kola, habari za mikunjo, ilimradi asinyamaze. Ndani, moshi ulikuwa umeshuka kutoka darini mpaka usawa wa kitasa. Mama alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi, anakunja shuka la pili.

Mwenye pikapu alisogea mpaka ubavuni mwa nyumba, uchochoroni gari halikupita. Walifunga mnyororo kwenye nondo za jikoni. Waliona wakilitoa lile dirisha, mtu mmoja atapita akambebe mama. Dereva alitia gia akavuta. Nondo hazikutikisika. Akarudi nyuma, akavuta kwa kurusha, matairi yakachimba udongo, ndoano ya mnyororo ikakatika ikapita juu ya vichwa vya watu kama jiwe la manati. Ukuta ulikuwa na ufa mmoja mdogo wa plasta. Nondo zilikuwa vile vile.

"Hivi nani aliyetengeneza haya madude?" aliuliza dereva, akiwa mgeni mtaani.

Watu walimtazama Komeo.

Grenda ingemaliza nondo moja kwa dakika mbili, lakini umeme ulikuwa umezimwa, na kuuwasha ilikuwa ni kuongeza moto. Mtu alimletea msumeno wa chuma. Alianza kukata nondo ya katikati ya dirisha la mama, juu kidogo ya fremu, na chuma kilikuwa kizuri, alikichagua mwenyewe, aliwahi kumsifia mteja jinsi kinavyokula misumeno. Alikata akihesabu pumzi za mama. Alikata. Mama alikohoa, akasema kitu, akakohoa tena. Msumeno ulikuwa umeingia kina cha ukucha. Akaukaza mno, ukakatika vipande viwili.

Alibaki na mpini. Aliweka paji la uso kwenye nondo zake. Hakuwa anamwomba mtu yeyote msaada wakati huo, alikuwa amefika mahali ambapo mtu haombi tena. Mama Cherehani alimsikia akisema kwa sauti ndogo, kama anayemwambia chuma, "Nimemwua mwenyewe."

Mama Cherehani alikasirika. Alikung'uta kikombe kitupu kwenye nondo ili kumzindua, akakipitisha harakaharaka toka mwisho huu mpaka mwisho ule.

Ngo, ngo, ngo, ngo. Na ile ya mwisho ikakohoa.

Komeo aliinua kichwa. Kwa miaka minne aliigeuzia uso nondo ile kwa aibu, na katika robo saa ile ya kufa na kupona aibu ile ile ilikuwa imemfumba macho asiikumbuke.

"Nyundo," alisema.

Mwashi alikuwa na nyundo yake kiunoni. Komeo alipiga chini, pale alipoziba kwa udongo. Rangi iliruka. Alipiga tena, udongo ukadondoka, na mahali pale pakaonekana tone moja la chuma lililoungana vibaya, kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alilia alipoliona. Pigo la nne lililiachanisha. Mwashi akaleta bomba, wakalipachika ncha ya nondo wakaibinua kwenda juu mpaka lile tone la juu nalo likang'oka, nondo ikaanguka kwenye meza ya cherehani. Kisha wakaiegemea na bomba ile iliyofuata, wanaume watatu, mpaka ikapinda upana wa vidole viwili. Zaidi ya hapo ilikataa.

Viganja viwili na vidole viwili. Panapopita kichwa, mwili unafuata.

Lakini mama alikuwa amesimama pembeni, mgongo ukutani. Aliona mtu mweusi kwa masizi, hana nyusi, miwani mikubwa shingoni, ana nyundo, anavunja dirisha.

"Mwizi," alisema mama. Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kelele. "Mwizi. Ngoja nikamwite mwanangu."

Akageuka kuuelekea mlango wa chumba. Mkono ukashika kitasa.

"Mama, usifungue. Ni mimi, mwanao."

"Mwanangu yuko shule," alijibu mama bila kugeuka. "Bado mdogo yule. Usimguse."

Nyuma ya mlango ule moto ulikuwa umefika kwenye korido, ilijulikana baadaye, kwa sababu rangi ya upande wa pili ilikutwa imekuwa mapovu. Komeo alitia mkono mzima ndani, hakumfikia. Mama Cherehani alimwita, na Mama Pasi hakumsikia, alikuwa na mwanawe wa kumlinda. Kitasa kilishuka nusu.

Komeo alivuta pumzi, akaifanya sauti yake nzito, ya mtu baki, ya mtu mwenye haraka na asiye na adabu sana.

"Hodi hapa. Mama Pasi, nimekuja kuchukua nguo zangu."

Mkono ulisimama.

"Leo siyo siku yako," alisema mama.

"Najua. Nina safari."

"Nyie wa safari ndio mnaonitesa." Aliachia kitasa. Alirudi kitandani akipapasa kwenye moshi, akalichukua lile shuka alilokunja, akalilinganisha pembe kwa pembe ingawa alikuwa hawezi tena kuliona. Akakohoa, akainama. Akainuka. "Shika. Na mikunjo usiivunje."

Alimletea mpaka dirishani. Komeo hakulishika shuka, alishika vifundo vya mikono yake.

Kichwa kilipita. Bega moja lilipita. La pili lilikwama, gauni likiwa limenasa kwenye kisiki cha nondo, na mama alianza kulia kama mtoto, anasema mnaniumiza, mnaniumiza. Mama Cherehani alipitisha mkasi wake chini ya mkono wa Komeo, akalikata gauni kuanzia kwapani mpaka pindo kwa mkato mmoja, akaimwagia ngozi ya kizee cha watu maji ya mwisho ya ndoo ili iteleze, na wote watatu wakavuta. Mama alitoka akiwa amekwaruzwa mbavu, shuka likiwa bado mkononi.

Zimamoto walifika wakazima kilichobaki. Sebule na korido ziliporomoka paa. Chumba cha mama kilisimama.

Alilazwa wiki mbili kwa ajili ya kifua. Mama Cherehani ndiye aliyeshinda naye mchana. Siku moja Komeo alimkuta hapo nje ya wodi akaanza kusema jambo, akashindwa, akaanza tena. Mama Cherehani alifungua mkebe wake wa vifungo, akachokora kwa kidole, akatoa ufunguo wenye kutu, ule wa kitasa cha zamani.

"Nilikuwa nangoja uniulize," alisema. "Haukutoka humu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Miaka minne, shemeji. Hukuniuliza."

Komeo aliupokea. Alimwuliza kama atakubali kuushika mpya.

"Sitaki ufunguo wako. Weka mlango unaofunguka kwa ndani, na mtu wa kukaa na mama. Mtu huyo nitakuwa mimi, na mkeo atanisaidia kukata nyuzi akirudi kutoka kazini. Ndilo ulilopaswa kuniomba toka mwanzo."

Ndivyo ilivyo hivi sasa. Wanaishi kwenye vyumba viwili vya nyuma, mbele pamefunikwa turubai. Kila dirisha lina kijimlango ndani ya nondo, na pini yake inachomoka kwa kidole bila ufunguo. Komeo alipita kwa wateja wake wote wa zamani na grenda yake, akiwaomba awakatie mlango kama huo bila malipo. Wachache walikubali. Mmoja alimwuliza kama wezi wamempa asilimia ngapi. Wengine walimwambia fundi, pole kwa yaliyokupata, ila kwetu hakuna kizee. Anaporudi kutoka kwenye nyumba kama hizo hawezi kula. Akipita mtaani anatazama madirisha aliyoyatengeneza kwa mikono yake, mikia ya nge ndani ya kuta, watoto wakichungulia kati ya nondo, na anaongeza mwendo.

Jioni ndiyo saa ngumu. Mama huketi kwenye kiti chake, kifua kinapiga mluzi, na kutoka katika yote yaliyomtoka amebakiwa na kitu kimoja ambacho hakimwachi. Humtazama fundi anayemnywesha chai, akamwuliza kwa sauti ya siri.

"Hivi nani alinifungia?"

Mwanzoni alikuwa akigeuza maneno. Sasa hujibu. "Ni mimi."

Mama humkagua muda mrefu, kola, vifungo, mikono iliyoungua. Mara nyingine hukasirika, akageukia ukuta. Mara nyingine husahau kabla ya kukasirika. Jana alimvuta karibu kwa mkono wa shati mpaka vichwa vyao vikakaribia kugusana.

"Usirudie," alimwambia. "Na mwanangu asijue. Akijua kuna mtu alimfungia mama yake, atamwua."

"Sitamwambia, mama," alisema Komeo.